Kutoa filimu ndani ya riwaya ya zamani: mwongozo kamili wa kujua ubakize nini na ukate nini

Nianze na aibu yangu. Ile mara ya kwanza tulitundika shuka nyeupe ku ukuta wa lupango moja (kiwanja chenye nyumba na wapangaji) pale Katuba, mtaa wa Lubumbashi, tukaazima projekta, kurant (umeme) ikakubali kubaki, wakubwa wakakaa juu ya viti vya plastiki na watoto chini, tukaonyesha filimu yetu ya dakika 40 tuliyoitoa ndani ya riwaya ya Balzac, mwandishi wa zamani wa Ufaransa. Nilikuwa nimeheshimu kitabu mpaka nukta na mkato. Ikafika fasi muzee anakufa, akasema maneno yote ya kitabu, dakika saba nzima, na mama mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote: "Uyu muzee eko analia juu ya nini?"

Watu wakacheka, na mimi usiku ule sikulala bulongo, yaani vizuri. Yule mama alikuwa na haki. Nilibeba kila kitu cha kitabu nikasahau kubeba sababu ya kulia.

Tokea siku ile nimeifanya tena ile filimu, na nimesaidia vijana wengine kutoa zao, kwa hiyo naandika hapa njia ninayofuata hatua kwa hatua. Kiswahili changu ni cha Lubumbashi, nitajikaza kiwe cha kusikilizana na wote, lakini mkikuta "mu" na "ku" na "njo" (ndiyo) fasi (mahali) hamkuzoea mnisamehe, njo mdomo wetu.

Neno moja kwanza. Watu wanapenda kubishana eti filimu ifuate kitabu kwa kiasi gani, kama vile uaminifu unapimwa kwa kilo. Mimi swali langu ni lingine, filimu ifuate NINI cha kitabu. Ukishajua hicho, mengine utayakata mkono usitetemeke.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni ileile riwaya ya Balzac, Le Père Goriot, ya 1835. Kwa wasioijua: muzee Goriot, aliyetajirika Paris kwa biashara ya unga na tambi anawapa mabinti wake wawili mali yake yote ili waolewe na wakubwa, yeye mwenyewe anaishia kupanga chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wapangaji, na makuta (pesa) inavyokwisha anahamia chumba cha bei ya chini zaidi. Jirani yake ni kijana mwanafunzi wa sheria, katoka jimboni, anataka kupanda. Muzee anakufa, mabinti hawaji kumzika. Sasa niambieni kama hiyo hadithi haijawahi kupita mu avenue yenu.

HATUA YA 1: Soma mara mbili, halafu simulia bila kitabu

Mara ya kwanza soma kama mtu tu, usiandike kitu. Mara ya pili shika biki na weka alama kila fasi mwili wako ulishtuka. Sisemi fasi zenye lugha tamu, hizo ni mtego, zitakufanya uandike senario (maandishi ya filimu) yenye watu wanaohubiri. Fasi uliyoshtuka.

Halafu funga kitabu kabisa, tafuta mtu ambaye hajakisoma na hatakisoma, msimulie hadithi yote kwa mdomo na telefone ikirekodi. Mimi nilimsimulia tantine (shangazi) wangu akiwa anachambua matembele. Nilipokuja kusikiliza rekodi nikagundua vitu viwili. Cha kwanza, nilimruka Vautrin mzima, yule mfungwa mtoro anayejificha kati ya wapangaji, mtu ambaye maprofesa wanaandika juu yake vitabu, nilimruka na hadithi ikatembea. Cha pili, tantine hakunikatiza hata mara moja mpaka fasi moja, akaacha majani mkononi akauliza: "Na bale batoto yake, balikuya ku kilio?"

Ule ndio ulikuwa moyo wa kitabu, na mimi nilikuwa nimeutafuta wiki mbili mu utangulizi wa maprofesa.

Kwa hiyo kanuni ya kazi: ulichosahau kusimulia, kiweke kwenye orodha ya vitu vya kukatwa. Swali alilokuuliza msikilizaji, liandike kwa herufi kubwa ulibandike ku ukuta.

HATUA YA 2: Angalia haki kabla ya kuandika ukurasa hata mmoja

Hapa nitapita haraka, ila usiiruke. Kwetu Kongo sheria ya haki za waandishi ni ile ya tarehe 5/4/1986, inalinda kitabu mpaka miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya ni 70, kwa hiyo kama una ndoto ya kupeleka filimu festivali za kule hesabu kwa 70. Balzac alikufa 1850, Hugo 1885, Conrad 1924, hao chukua tu. Lakini angalia tafsiri: riwaya inaweza kuwa huru na tafsiri yake mpya bado ina mwenyewe, fanya kazi na maandishi ya asili au tafsiri ya zamani sana.

Wa kwetu wengi bado wamelindwa. V.Y. Mudimbe, mtoto wa Likasi, kafariki 2025, kwa hiyo anayetaka kugusa Entre les eaux ya 1973 aandike barua kwa nyumba iliyotoa kitabu, apate jibu la karatasi lenye saini. Camara Laye wa Guinea, mwenye L'Enfant noir, alikufa 1980, naye vilevile. Jibu la "hakuna shida mukubwa" kwa WhatsApp si ruhusa. Nimeona kijana amemaliza montaji (kukata na kuunganisha picha) ndipo mtu wa familia akajitokeza, filimu iko mu diski mpaka leo.

HATUA YA 3: Tafuta fundo, kisha hesabu nguzo

Fundo ni lile swali la tantine. Liandike kwa sentensi moja, iwe swali ambalo mtu anaweza kulibishania kwenye kilabu. Langu lilitoka hivi: mzazi akishatoa kila kitu, mtoto anabaki na deni gani? Ukiona sentensi yako ina maneno kama "hali ya binadamu" ifute.

Nguzo ni zile sene (matukio ya filimu) ambazo ukiondoa moja nyumba inaanguka. Zisipite saba. Kwa Goriot mimi nilipata sita: muzee anahama vyumba kuelekea kwenye ubaya, muzee usiku anakunja vyombo vyake vya fedha ili akauze, mabinti wanagombana mbele yake juu ya makuta, usiku wa bal (dansi kubwa ya wakubwa) ambapo binti anaenda kucheza na baba yuko hoi kitandani, mazishi, na kijana, baada ya mazishi, anaangalia mji kutoka juu halafu anaenda kula chakula cha jioni kwa binti wa marehemu. Ile ya mwisho inauma, watu wengi wanaisahau. Anaenda KULA kwa yuleyule binti.

Nguzo njo fasi ya uaminifu wako wote. Hapo usicheze. Nje ya nguzo una uhuru kuliko unavyofikiri, na ushahidi mzuri ni Visconti, mtengeneza filimu wa Italia. Alichukua Il Gattopardo, riwaya iliyotoka 1958, akatoa filimu 1963, na akaacha nje sura mbili za mwisho, ikiwemo ile ya kifo cha mwana-mfalme mwenyewe. Kusikia hivyo utasema kaharibu. Lakini aliinyoosha ile sene ya bal mpaka karibu dakika 45, na mu ile bal unamwona yule mukubwa anatembea chumba kwa chumba, jasho, anajiangalia mu kioo, anaangalia picha ya mtu anayekufa. Kifo kimo humo, hakuna aliyekiiba, kimehamishwa chumba tu.

HATUA YA 4: Pima urefu, usijidanganye

Kipimo cha kazi ni ukurasa mmoja wa senario kwa dakika moja ya filimu, kwa kukadiria. Riwaya ya kurasa 300 haiingii mu dakika 25, hata ukizungumzisha watu haraka kama wauza kadi za simu. Filimu ya dakika 25 inakupa sene 12 mpaka 18 hivi. Weka nguzo zako kwanza, halafu uone umebakiwa na nafasi ngapi za kuunganisha.

Kuna aliyekataa kipimo hiki akalipa. Erich von Stroheim alichukua McTeague ya Frank Norris, kitabu cha 1899, akataka kila kitu, toleo lake la kwanza la Greed lilipita saa nane. Studio ikamnyang'anya ikaikata mpaka saa mbili na kidogo, ikatoka 1924, na vipande vingine vilipotea moja kwa moja. Yaani kwa kutaka kuwa mwaminifu kwa yote aliwaachia watu wasiokipenda kitabu wachague cha kubakiza. Mimi naona afadhali mkasi ushikwe na anayependa.

Kama roho yako inakataa kukata, basi badilisha umbo, tengeneza seri. Pride and Prejudice ya BBC mwaka 1995 ilichukua vipande sita, filimu ya 2005 ilikuwa na saa mbili tu, na zote mbili zina watu wao. Tena riwaya nyingi za zamani zenyewe zilizaliwa kama seri, Le Comte de Monte-Cristo ilitoka vipande vipande gazetini 1844 mpaka 1846, watu wakingoja kama tunavyongoja telenovela. Kuikata vipande vya dakika kumi vya telefone hakuivunjii heshima hata kidogo.

HATUA YA 5: Uhamishe au uache kule kule?

Hapa njo penye kelele nyingi, na hapa nitakaa.

Sisi hatuna makuta ya kujenga Paris ya 1819, kwa hiyo kuhamisha kwetu si falsafa, ni mfuko. Lakini hata ningekuwa na makuta ningehamisha. Djibril Diop Mambéty alichukua tamthilia ya Dürrenmatt wa Uswisi, ya 1956, ile ya mama tajiri anayerudi mji wake maskini na kuahidi makuta mingi kama watamuua mwanaume aliyemharibia maisha, akaipeleka Colobane, Senegal, ikawa Hyènes mwaka 1992. Ukiiangalia huioni Uswisi imekosekana fasi yoyote, maana njaa na deni vilikuwa vimeshahamia kabla yake.

Sasa wa kwetu. Conrad alifika Kongo 1890, akapanda mto mu mashua ya mvuke, na 1899 akatoa Heart of Darkness. Coppola mwaka 1979 akaibeba hadithi hiyo mpaka vita ya Vietnam, akaipiga picha Ufilipino, akaiita Apocalypse Now. Alibakiza uti wa mgongo: mto, mashua, kupanda kumtafuta mtu mmoja anayeitwa Kurtz, na akili inayooza kadiri unavyopanda. Kama kazi ya kuhamisha ni somo zuri, naikubali. Ila kama mtu wa hapa nina neno. Mu kitabu Wakongomani karibu hatusemi, tunaonekana mikono na macho kati ya miti, tunakufa chini ya kivuli. Na mu filimu wenye mto nao hawasemi, wanakaa pembeni vilevile. Kwa hiyo kosa la kitabu lilihamishwa pamoja na fenicha. Siku kijana wa Kisangani au wa hapa atachukua ile riwaya, hana deni la kutunyamazisha tena. Kuwa mwaminifu kwa kitabu hakukulazimishi kurithi upofu wake.

Namna ya kuhamisha kwa vitendo: chukua karatasi, piga mistari miwili upate safu tatu za jedwali. Kushoto kitu cha kitabu. Katikati KAZI yake mu hadithi. Kulia kitu cha kwetu kinachofanya kazi hiyo hiyo. Watu wengi wanaruka katikati wanaenda moja kwa moja kulia, na hapo wanapotea.

Mimi mwenyewe nilipotea. Mara ya kwanza niliandika: Goriot, muzee aliyeachwa, basi ni pansione (mstaafu) wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 waliotoka kwa départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari, kuanzia 2003. Kila mtu hapa angelia, karibu kila familia iko na mmoja. Lakini nilipojaza safu ya katikati kwa uaminifu nikaona kitu nilichokuwa nimekificha: Goriot alitajirika kwa unga wakati wa njaa, wakati watu wanapanga foleni za mkate yeye alikuwa anauza kwa bei anayotaka. Upendo wake kwa mabinti ni wa kweli, makuta aliyowapa ina harufu. Ukiweka pansione wa Gécamines unapata huruma safi, na kitabu si cha huruma safi. Nikamfuta. Nikaweka mfanyabiashara wa unga wa mahindi, mtu aliyeleta mifuko kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa miaka ile unga ulipokosekana, na majirani wanakumbuka aliwauzia bei gani. Unaona, badiliko lililoonekana kuwa mbali na kitabu lilikuwa karibu, na lile la karibu lilikuwa uongo.

Jingine. Nyumba ya wapangaji ya Madame Vauquer ni ya ghorofa, muzee anaanza chini kwenye chumba kizuri kwa franka 1,200 kwa mwaka, halafu kila anavyofilisika anapanda ghorofa nyingine, mpaka ya tatu kwa franka 45 kwa mwezi. Kazi ya ngazi ni kuonyesha umaskini kwa mwili, bila mtu kusema. Mu lupango hakuna ghorofa. Lakini kuna mbele na nyuma! Nyumba kubwa inaangalia barabara, kisha aneksi, kisha kile chumba cha mwisho karibu na choo. Muzee wetu anarudi nyuma, kila mara na godoro lilelile kichwani, na kila mara anapita wapangaji wengi zaidi kufika kwake.

HATUA YA 6: Geuza sauti ya mwandishi iwe picha

Balzac anakaa kurasa nyingi kueleza nyumba tu, harufu, meza, ukuta, kabla mtu hajasema neno. Usimpe mtu kuyasoma kwa sauti ya juu ya picha. Sauti ya msimuliaji itumie kama pilipili.

Nitaonyesha sene moja, ile ya vyombo vya fedha. Mu kitabu kijana anachungulia tundu la kufuli usiku, anamwona muzee anavikunja vyombo kwa nguvu za mikono, analia, na tangu mapema mu kitabu tunajua kimoja kilikuwa zawadi ya kwanza ya mkewe, kifuniko chenye njiwa wawili. Senario yangu ya kwanza: kijana anaangalia, sauti yake inatueleza anachoona, violoni. Upuuzi. Ya pili ndiyo hii, naiandika kama tulivyoipiga:

Usiku, kurant imekatwa, kijana anatoka choo na tochi ya telefone. Chini ya mlango wa muzee kuna mwanga wa mshumaa. Sauti ndogo ya chuma, ting, halafu kimya, halafu ting. Anazima tochi. Kupitia ufa wa mlango: magoti ya muzee, juu ya magoti tablo ya shaba, zile zetu za kugongwa kwa nyundo ambazo kila sebule ya Lubumbashi imewahi kuwa nayo, ndege wawili wanaotazamana. Ameifunga kitambaa isipige kelele. Anaikunja kwa goti. Midomo ya wale ndege inasogeleana, inasogeleana, inagusana, na shaba inavunjika mkunjo. Anaifuta kwa mkono wa shati, kama mtu anayefuta mtoto uso, anaitumbukiza mu mfuko mtupu wa unga. Kata. Asubuhi, mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, mfuko unabembea.

Hakuna neno. Fedha imekuwa shaba, tundu la kufuli limekuwa ufa, na mtu aliyesoma kitabu shuleni alinishika mkono akasema hii umeifuata sawasawa.

Ushauri wa ufundi: rekodi ile ting peke yake, mchana, chumba kikiwa kimya, uiweke baadaye mu montaji. Usiku jenereta ya jirani itakuharibia.

HATUA YA 7: Watu waseme kwa mdomo wao

Dialogi za riwaya zimeandikwa kwa macho. Ukizihamisha hivihivi mu Kifaransa cha Balzac, akteri wa Kenya au Kamalondo, mitaa yetu ya Lubumbashi, atasimama kama yuko mbele ya mwalimu. Sembène wa Senegal alipogeuza kitabu chake mwenyewe kuwa Mandabi, 1968, alipiga toleo la Kifaransa na la Kiwolof, na lile la Kiwolof ndilo watu wa Dakar walijisikia humo. Na sisi Waswahili tunao mfano wetu sasa, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo Amil Shivji aliitoa filimu mwaka 2021, Zanzibar ya miaka ya 50, na Kiswahili kinatembea humo bila viatu vya kuazima.

Hapa Lubumbashi tuna njia ambayo haikutoka shule ya sinema. Wakubwa wanakumbuka kundi la Mufwankolo, ile teatre ya Kiswahili ya redio na televizioni. Hawakukariri maandishi, walikubaliana juu ya wazo na mpango wa sene, halafu kila mmoja anatafuta maneno akiwa ndani. Mimi nachanganya: kila sene nawapa akteri lengo, yaani nani anataka nini kwa nani, na sentensi mbili za msumari ambazo hazibadilishwi. Zingine ni zao. Tunafanya mazoezi mara tano, narekodi, naandika senario ya mwisho kutokana na vinywa vyao.

Na usisawazishe lugha, itumie. Mabinti wetu mbele ya wageni wanamjibu baba yao kwa Kifaransa, yeye anaongea Kiswahili, wageni wanaona. Wakija chumbani kwake kuomba makuta wanarudia Kiswahili, tena kile cha utotoni, "Papa, tuko na mateso." Balzac hakuwa na Kiswahili wala Kifaransa cha kujigawanya hivyo, alikuwa na magari, mapazia na vyeo. Kazi ni ileile.

HATUA YA 8: Kukata na kuunganisha watu

Vautrin nilimkata. Iliniuma, ndiye anayemfundisha kijana kwamba mji unaliwa na wasio na aibu. Kwa hiyo somo lake nililigawa: nusu nikampa mwenye lupango, nusu nikamwachia dereva wa mume wa binti. Kanuni yangu: ukiunganisha watu, usibadilishe nani anabeba hatia. Ukikata mtu, uliza kwanza alikuwa anajua nini ambacho sasa hakuna anayekijua, halafu mpe mwingine ajue.

Mwisho wa hadithi usiulainishe kwa kuogopa watazamaji. Monte-Cristo ya Ufaransa ya 2024 ilibadilisha Haydée, yule msichana Monte-Cristo aliyemnunua utumwani, anaishia na nani, nami sikuona tatizo, mapenzi yake na Monte-Cristo mu kitabu ni magumu kuyameza leo na fundo la kisasi lilibaki. Lakini mimi kuna aliyeniahidi kuongeza makuta ya filimu kama mabinti wangefika ku kilio wanalia, "watu wapende". Ile ni nguzo. Makuta yake ikabaki kwake, tukapiga siku mbili badala ya nne.

HATUA YA 9: Andika ukweli ku jina

Fupi. Kama umefuata nguzo, andika "imetolewa ndani ya riwaya ya fulani". Kama umechukua wazo tu, andika "imezaliwa na". Ladj Ly mwaka 2019 alichukua jina Les Misérables na mtaa wa Montfermeil ambao Hugo aliutumia, hadithi ni yake mwenyewe ya leo, na hakudai vingine. Ugomvi mwingi wa wapenda vitabu unatoka ku bango kuliko ku filimu.

Na mwandishi akiwa hai akakasirika? Inatokea. Stephen King hakuipenda The Shining ya Kubrick ya 1980, mpaka 1997 akaandika senario ya televizioni yake mwenyewe, iliyokaa karibu zaidi na kitabu. Tafuta zote mbili, ziangalie usiku mmoja, ujifunze peke yako.

HATUA YA 10: Jaribu mbele ya makundi mawili

Kundi la waliosoma na kundi la wasiosoma, siku tofauti, usiwachanganye maana waliosoma watawaelezea wenzao. Waliosoma waulize jambo moja: ni fasi gani ulisahau kitabu? Wasiosoma usiwaulize kama imewapendeza, watakwambia ndiyo kwa heshima. Waombe wakusimulie filimu, kama ulivyomsimulia tantine mwanzo. Sikiliza kama swali lako la ukutani linatoka mdomoni mwao. Andika pia dakika ambazo watu wanaanza kuangalia telefone.

Sisi tulirudi Katuba, lupango lilelile, shuka ileile. Mu kitabu nyuma ya jeneza la Goriot yanakuja magari mawili ya farasi yenye alama za ukoo, matupu, mabinti wametuma magari hawakutuma miili. Kwetu zilikuwa jeep mbili nyeusi zenye vioo vya giza, tuliziazima kwa saa mbili tu, madereva wamekaa mbele, zinafuata jeneza polepole mu vumbi, zinasimama karibu na kaburi. Kamera inabaki ku mlango wa nyuma wa ile ya kwanza. Nilikuwa nimeikata ibaki sekunde nane, nikiogopa watu watachoka.

Yule mama alikuwepo, safari hii kakaa mbele. Hakuuliza kitu. Mlango wa jeep ulipobaki umefungwa, sekunde ya nne, ya tano, mtoto mmoja akapiga kelele kuelekea shuka, "Fungula mulango!", wakubwa wawili wakamfuata, "Fungula!", na kabla hawajamaliza picha ikakatika ikaenda ku kijana na bomba la moshi la Gécamines kwa mbali.

Kesho yake nikarudi ku montaji, nikaongeza sekunde kumi na mbili.